Kutoka Guangzhou hadi Beijing: Safari ya Mpishi kwenye Meza za Wachina

Jumapili, Guangzhou

Saa mbili asubuhi mkahawa umeshafurika. Wazee wamefika tangu alfajiri, kila mmoja na buli lake la chai na vikapu viwili vya mianzi mbele yake, gazeti mkononi, wala hakuna anayewaharakisha. Baada yao zinaingia familia, maana leo ni Jumapili: babu, bibi, watoto na wake zao, wajukuu, wote meza moja ya duara. Hii ndiyo chai ya asubuhi ya watu wa Guangzhou. Inaitwa chai, lakini ni mlo kamili, na watu huukalia hadi karibu na adhuhuri.

Mimi ni mpishi wa shughuli, Dar es Salaam. Harusi, maulidi, hitima, mikutano ya watu wa ofisini, vyote napika. Mdogo wangu huja Guangzhou yanapofanyika maonyesho makubwa ya biashara, yale yaliyoanza mwaka 1957 na ambayo huja kila msimu wa Aprili na wa Oktoba. Safari hii nimefuatana naye. Yeye kafuata vigae na taa, mimi nimefuata meza.

Tumefikia Xiaobei, mtaa ambao wafanyabiashara wa Kiafrika wameuzoea kwa miaka mingi. Pale wali unapatikana, mchuzi wa mbuzi unapatikana, hata ugali ukiuulizia. Nawaelewa wanaokula pale: mtu yuko mbali na kwake, lugha haijui, na tumbo likikataa biashara inalala. Lakini inaniuma kuona mtu amekuja China miaka nenda miaka rudi, ameshajenga nyumba kwa faida ya huku, na hajawahi kukaa na Mchina mezani hata mara moja. Wamekutana kwenye kikokotoo tu, kupatana bei.

Mkahawa tuliouchagua ni wa Waislamu wa mji huu, kwa kuwa dim sum, yaani vitafunio vya chai hii, nyingi hutiwa nyama au mafuta ya nguruwe hata pale ambapo huwezi kudhani. Uislamu hapa si wa jana. Msikiti wa Huaisheng, ulio katikati ya mji wa kale, ni miongoni mwa misikiti mikongwe kabisa ya China, na mnara wake enzi hizo uliwaongoza mabaharia waliokuwa wakiingia mtoni.

Mkalimani wetu ni kijana wa Kitanzania anayesoma hapa. Kabla hatujaagiza kitu, alichukua chai ya kwanza iliyoletwa, akasuuzia vikombe, mabakuli na vijiti vyetu, kisha maji yale akayamimina kwenye bakuli kubwa la kumwagia. Nikatazama meza nyingine: kila mtu anafanya vivyo hivyo, tena mara nyingi mwenye kusuuza ni kijana, na huanza na vyombo vya wakubwa. "Mama," akaniambia, "ukitiliwa chai, gonga meza kwa vidole viwili, taratibu." Ndiyo shukrani yenyewe, huna haja ya kukatisha mazungumzo. Wenyewe husimulia kwamba mfalme Qianlong aliwahi kutembea mjini akiwa amejificha katika nguo za kawaida, akamtilia chai mtumishi wake. Mtumishi asingeweza kupiga magoti mbele za watu bila kumfichua bwana wake, basi akakunja vidole vikapiga magoti kwa niaba yake. Na buli likiisha maji huiti mtu: unaegesha kifuniko pembeni, mhudumu akipita anajua.

Niliomba kuchungulia jikoni, wakanikubalia nisimame mlangoni. Nilitaka kuona har gow, kile kitafunio cha kamba wa baharini kilichofungwa ndani ya ngozi nyeupe inayoangaza. Unga wake ni wanga wa ngano, unakandwa kwa maji yanayochemka. Mama mmoja alikata kidonge, akakiweka mezani, akakigandamiza kwa ubapa wa kisu kipana kilichopakwa mafuta, akakizungusha mara moja. Ikatoka duara nyembamba mno. Akaitia kamba, akaanza kukunja ukingo kwa kidole gumba na cha shahada, mkunjo juu ya mkunjo. Fundi hupimwa kwa mikunjo hiyo, na aliyebobea huifikisha kumi au zaidi. Mimi nimekunja sambusa tangu nikiwa msichana, najua kinachotakiwa mkononi ili unga usichanike. Yule mama alikuwa akiongea na mwenzake, hata haangalii anachokifanya.

Mezani nilikuwa nikimtazama bibi wa meza ya pili. Kila kikapu kinapofika, yeye hachukui. Mwanawe wa kiume anamwekea kipande cha kwanza bakulini. Bibi naye anakitoa palepale, anampa mjukuu. Mwanawe anaweka kingine. Hivyo hivyo mpaka mwisho, na hakuna aliyesema neno juu ya jambo hilo.

Jumatatu, Guangzhou

Jioni tulialikwa na bwana anayemuuzia mdogo wangu vigae. Miaka mitano wamefanya biashara, na huu ndio mwaliko wa kwanza wa chakula.

Chumba chetu kilikuwa peke yake, na meza ya duara yenye sinia kubwa la kioo katikati linalozunguka. Hakuna aliyekaa hadi mwenyeji amepanga watu. Aliuliza kupitia mkalimani nani kati yetu mkubwa kwa umri. Akaambiwa ni mimi. Basi yeye akakaa akiutazama mlango, akaniweka mimi kulia kwake, mdogo wangu kushoto. Mfanyakazi wake mdogo akakaa mgongo mlangoni, mahali ambapo wahudumu hupitisha vyombo juu ya bega. Ukishajua mpangilio huo, ukiingia chumba chochote cha karamu China unajua nani ni nani kabla hujatajiwa jina.

Mwenyeji alikuwa ameshaulizia mapema kuhusu chakula chetu. Akapanga samaki, kamba, tofu (maziwa ya soya yaliyogandishwa), mboga na uyoga, na akawaagiza jikoni watumie sufuria ambayo haijapikiwa nyama. Hakulitangaza jambo hilo. Mkalimani ndiye aliyelisikia kwa mhudumu akaninong'oneza. Kwangu hilo lilikuwa kubwa kuliko vyakula vyote vilivyofuata.

Guangdong mlo huanza kwa supu iliyokaa motoni kwa saa nyingi. Yetu ilikuwa ya samaki, nyeupe. Kisha akaja samaki mwenyewe. Lakini kabla hajapikwa aliletwa mezani akiwa hai ndani ya ndoo, akipiga mkia, mwenyeji akatikisa kichwa kukubali. Baada ya dakika chache akarudi mzima sahanini, kichwa kimeelekezwa kwangu. Amepikwa kwa mvuke tu, na dakika zenyewe zinahesabiwa kwa uzito wake. Akiepuliwa hutandikwa nyuzi za tangawizi na majani ya kitunguu, yakamiminiwa mafuta ya moto hadi yakachacharika, kisha mchuzi wa soya pembeni. Nyama iliyo karibu na mfupa ilikuwa imeiva kiasi cha kubanduka tu, haijakauka hata kidogo. Sisi watu wa pwani tunapenda samaki, na nasema bila kusita: tunamkaanga mno. Samaki wa asubuhi ile ile tunamtia tanduri na mafuta mpaka huwezi kujua alikuwa changu au kolekole.

Upande wa juu ulipokwisha, hakuna aliyempindua. Mhudumu aliinua mgongo mzima, akatoa nyama ya chini. Watu wa pwani ya kusini hawapindui samaki, kwa kuwa wavuvi huona ni kupindua chombo baharini.

Vyombo vyote hukaa katikati na kila mtu ana bakuli lake dogo. Sisi tuliozoea sinia la wali, kila mtu akila sehemu iliyo mbele yake, tunaielewa haraka adabu hii: husogezi sinia wakati mwenzako anachota, huchambui kutafuta kipande kizuri, na kizuri unampelekea mwenzako. Kulikuwa na vijiti vya kuchotea kando ya kila sahani, mbali na vya kulia. Tangu maradhi ya SARS ya mwaka 2003, na zaidi tangu 2020, serikali imehimiza sana jambo hilo, na kwenye mikahawa ya heshima limekuwa kawaida. Mwenyeji alinichotea kwa vijiti hivyo, kila chombo kipya kilipofika, mimi kwanza.

Kisha vikaanza vinywaji. Wao walikunywa pombe kali ya mtama katika vikombe vidogo, sisi tukainua chai, na hakuna aliyetulazimisha. Nilichokitazama ni mikono. Anayegonganisha kikombe na mkubwa wake hukishusha chake, ukingo wa kwake uwe chini ya ukingo wa mwenzake. Mfanyakazi mdogo alimzungukia kila mgeni kwa miguu, kikombe mikononi miwili. Mwenyeji alipogonganisha na mimi, alikishusha cha kwake. Mimi nikashusha changu zaidi. Naye akashusha. Tukakaribia meza, watu wakacheka kwa furaha.

Bei za vigae hazikutajwa. Matunda yalipoletwa, ambayo ndiyo dalili kwamba mlo umekwisha, mwenyeji alisema sentensi moja: mzigo ujao mdogo wangu anaweza kulipa nusu, na nusu nyingine baada ya kupokea Dar. Kwa miaka mitano alikuwa akidai malipo yote kabla.

Chakula kilibaki kingi. Desturi ya zamani ilitaka kibaki, mgeni aonekane ameshiba. Lakini tangu kampeni ya sahani tupu ya mwaka 2013, na sheria ya kuzuia upotevu wa chakula iliyopitishwa tarehe 29 Aprili 2021, mambo yamebadilika: mhudumu mwenyewe alileta makasha, mke wa mwenyeji akafunga vilivyobaki bila haya yoyote. Natamani wenye harusi zetu waone. Nimemwaga pilau nyingi mno katika kazi hii, na kila mara moyo unakataa.

Mabakuli tuliyolia yalikuwa meupe yenye maua ya buluu. Watu wa pwani ya Afrika Mashariki tulivijua vyombo hivi karne nyingi kabla ya simu na pikipiki za Kichina. Vipande vyake vimefukuliwa Kilwa na Gede, vilipachikwa kwenye nguzo za makaburi ya Kunduchi, na majumba ya Lamu yaliwekewa zidaka ukutani za kuvipambia. Na mwaka 1415 Malindi ilimpelekea mfalme wa China twiga, enzi zile za misafara ya baharini ya Zheng He, amiri wa Kichina.

Jumanne, Chengdu

Ndege ya asubuhi kutoka Guangzhou. Huku hewa ni nzito, mawingu yamekaa chini, na mtaani kunanuka pilipili inayokaangwa.

Mwaka 2010 UNESCO iliupa mji huu hadhi ya mji wa mapishi, wa kwanza barani Asia. Sichuan ina pilipili ya aina mbili, na mgeni akizichanganya haelewi kitu. Moja ni pilipili hii yetu nyekundu, ambayo asili yake ni bara la Amerika na ilifika China kuelekea mwisho wa karne ya 16. Nyingine ni ya kwao tangu enzi: vitunda vidogo vikavu vya mti wenye miiba, vyenye harufu ya ndimu, ambavyo havichomi. Vinatia ganzi. Nilitafuna kimoja sokoni. Kwanza harufu, kisha midomo ikaanza kutetemeka, kisha ulimi ukafa ganzi na mate yakajaa. Muuzaji, mama mtu mzima, alinitazama usoni kwa makini mpaka ganzi iliponishika, ndipo akaanza kunipimia.

Usiku tulikula chungu cha moto katika mkahawa wa halali karibu na msikiti wa Huangcheng. Chungu kinakaa katikati ya meza juu ya moto, kimejaa mafuta ya ng'ombe mekundu, pilipili nzima zinaelea. Kila mtu anatumbukiza chake. Utumbo wa ng'ombe ndio kipimo: unaushika kwa vijiti bila kuuachia, unauzamisha na kuuinua, unauzamisha na kuuinua, kama sekunde kumi na tano hivi, na ukizidisha unakuwa mpira. Sisi utumbo tunauchemsha nusu siku. Sikujua kwamba unaweza kuliwa hivi, ukavunjika kati ya meno kwa sauti. Pembeni una kibakuli cha mafuta ya ufuta na kitunguu saumu kilichopondwa, unachovya, makali yanapungua.

Mlo huu hauna haraka. Chungu hakimaliziki, kwa hiyo watu hawaondoki. Meza ya jirani yetu walikuwa vijana wanne, na tulipotoka walikuwa bado wanaagiza.

Jumatano, Pidu

Nje kidogo ya Chengdu kuna wilaya ya Pidu, zamani Pixian, ambako hutoka doubanjiang, mchuzi mzito wa maharage makubwa na pilipili. Bila huo hakuna mapishi ya Sichuan.

Uani palikuwa na mitungi ya udongo, safu kwa safu, kila mmoja na kofia ya mianzi iliyochongoka. Mchana wa jua wanaifunua, mvua ikija wanaifunika, na kila siku mtu anapita na mti mrefu anakoroga mtungi mmoja mmoja kutoka chini kuja juu. Hivyo kwa mwaka mzima au zaidi. Mchuzi mchanga ni mwekundu wa kung'aa. Uliokaa miaka mitatu umekuwa kahawia iliyokolea, na harufu yake iko kati ya nyama na tunda lililoiva. Nilipewa nionje ule wa miaka kwenye ncha ya kijiti. Chumvi ilikuja mwanzo, halafu utamu ambao sijui umetoka wapi, maana sukari haikutiwa.

Mchana, mapo tofu. Chakula hiki kilianza mjini Chengdu mwaka 1862, katika mgahawa mdogo wa familia ya Chen karibu na daraja, ambako wapagazi wa mafuta walikuwa wakisimama kula. Mama mwenye mgahawa alikuwa na makovu ya ndui usoni, na chakula kikabaki na sifa yake hiyo hadi leo: mapo ni bibi mwenye makovu. Tofu laini, nyama ya ng'ombe ya kusaga kidogo, doubanjiang, majani ya kitunguu saumu, na unga wa ile pilipili ya ganzi juu yake. Ni chakula cha watu wa kazi, kinashusha wali mwingi kwa nyama kiduchu. Nimekiandika chote kwenye daftari, na mtungi mmoja wa doubanjiang umo begini, umefungwa plastiki na kanga.

Alhamisi, njiani

Treni ya kasi kutoka Chengdu hadi Xi'an, karibu saa nne. Njia hii ilifunguliwa Desemba 2017 na inapita chini ya milima ya Qinling, handaki baada ya handaki. Milima hiyo ndiyo inayoigawa China ya mchele na China ya ngano. Tuliingia gizani tukiwa tumeacha mashamba yenye maji, tukatokea kwenye nchi kavu ya rangi ya udongo.

Kila behewa lina bomba la maji yanayochemka. Wachina hawapendi kunywa maji baridi, wanaona yanalidhuru tumbo, na kila msafiri ana chupa yake ya chai anayoiongezea maji njia nzima.

Ijumaa, Xi'an

Mdogo wangu alikwenda kuswali Ijumaa kwenye Msikiti Mkuu. Wenyewe huuhesabia kuanzia mwaka 742, ingawa majengo yaliyopo yalianza kupangwa upya mwaka 1392. Hauna kuba. Paa zake zimepinda ncha juu kama za majumba ya kifalme, na mnara ni banda la ghorofa la mbao. Mimi niliswali nilikofikia, tukakutana mchana mtaa wa Waislamu, penye moshi wa mishikaki na keki za tunda la persimoni zikikaangwa, maana huu ndio msimu wake.

Tulikuja kwa ajili ya kitu kimoja: paomo, supu ya kondoo na mkate.

Unaletewa bakuli tupu na mikate miwili ya duara, migumu, mizito, iliyookwa nusu. Chakula hujaletewa bado, wala hutaletewa mpaka umeimega mikate hiyo yote kwa vidole, vipande vidogo sawa na punje ya soya. Vidole vinauma. Mkate unakataa. Unauchana mara mbili, kisha nne, kisha unaanza kunyofoa kwa kucha. Mzee aliyekaa mbele yetu alikuwa ameshafanya hivyo kwa nusu saa, anaongea na rafiki yake, na vipande vyake vilikuwa vinalingana kabisa. Alitazama bakuli langu, akachukua kipande kimoja, akakimega mara tatu mbele yangu, akanirudishia bila neno.

Ukimaliza, mhudumu anabana namba kwenye bakuli lako na kulipeleka jikoni. Kila bakuli linapikwa peke yake, na mpishi akiona ukubwa wa vipande anajua atie supu kiasi gani na moto wa namna gani. Vipande vikubwa anavihesabu ni vya mgeni au mwenye haraka. Mwenye kujua huagiza pia kiasi cha supu anachotaka: ikauke kabisa, ibaki ya kumeza mara moja, au ijae. Linarudi bakuli lako lile lile, na namba yako, limejaa nyama ya kondoo, tambi za wanga na uyoga mweusi, na ule mkate sasa umekunywa supu lakini ndani bado unatafunika. Hukorogi. Unakula kuanzia ukingoni ukiingia ndani kidogo kidogo, ili moto usitoke. Kando yake kuna vitunguu saumu vilivyolowekwa kwenye siki na sukari, unauma kimoja mafuta yakizidi.

Nimefanya kazi ya upishi zaidi ya nusu ya umri wangu, na sijaona chakula kingine ambacho mlaji anawekwa kazini hivi kabla ya mpishi. Ndiyo maana nimekaa nacho sana kwenye ukurasa huu. Mtu aliyemega mkate kwa nusu saa na mwenzake wameshazungumza kila kitu kabla ya supu kufika.

Jumamosi, Beijing

Saa tano hivi za treni. Tumefikia kwa wazazi wa mwenzake mkalimani wetu chuoni. Walitupokea kwa tambi za mchuzi wa soya mzito, matango yaliyokatwa nyuzi nyuzi na maharage yaliyochipua. Nilidhani ndicho kilichokuwepo jikoni. Mkalimani akanieleza kwamba kaskazini mtu anayewasili hupewa tambi, zimfunge hapa alipofika.

Jumapili, Beijing

Baba wa nyumba alitupeleka Niujie, mtaa wa Waislamu wenye msikiti uliojengwa mwaka 996, akanunua nyama ya kondoo ya kesho. Wao si Waislamu. Alinunua pia ubao mpya wa kukatia na kisu, tukamwambia asijisumbue, hakusikia.

Jioni babu alitusimulia. Amezaliwa miaka ya 1940. Mwaka 1955 serikali ilianza kutoa kuponi za nafaka, na zikaendelea hadi 1993. Bila kuponi, hata ukiwa na fedha, hukupata unga wala wali mgahawani. Mafuta yalipimwa, nyama ilipimwa. Na alikumbuka njaa kuu ya 1959 hadi 1961, iliyoua mamilioni ya watu. Kuhusu miaka hiyo hakusema mengi. Alisema tu kwamba hadi leo hawezi kuona punje ya wali imebaki bakulini, na kwamba wajukuu wanamshangaa. Majira ya baridi, familia zote za Beijing zilikuwa zikinunua kabichi za Kichina kwa mamia ya kilo mwezi wa Novemba na kuzipanga uani na ngazini, ndiyo mboga pekee mpaka Machi. Mkewe bado ananunua chache kila mwaka na kuzipanga roshanini. Nimeziona, zimefunikwa blanketi.

Nikamweleza kuhusu kwetu, mwanzoni mwa miaka ya 1980, nikiwa mtoto: foleni za sukari na sabuni, mama akitoka nyumbani usiku ili awe wa mbele, na ugali wa unga wa yanga, yale mahindi ya njano, ambao tulikula mpaka tukauchukia. Mkalimani ni kijana, ilibidi nimweleze yanga kwanza ndipo aitafsiri. Babu alisikiliza hadi mwisho, akachukua vijiti, akaniwekea kipande cha samaki bakulini.

Tangu hapo sishangai tena kwa nini meza ya Mchina mwenye uwezo hujazwa hivi mbele ya mgeni. Waliopanga foleni kwa kuponi bado wako hai, na ndio wanaokaa kiti kinachotazama mlango.

Jumatatu, Beijing

Leo tunaondoka, kwa hiyo jiaozi, vile vifungo vya unga vyenye kujazwa na kuchemshwa. Anayewasili ni tambi, anayesafiri ni jiaozi.

Nyumba nzima ilikaa mezani kuanzia asubuhi. Bibi anasukuma unga: mkono wa kushoto unazungusha kiduara, wa kulia unasukuma kijiti kuishia katikati tu, ili kitovu kibaki kinene na ukingo uwe mwembamba. Nyama ya kondoo na karoti bakuli moja, mayai na majani ya kitunguu cha Kichina bakuli la pili. Hapa nilikuwa nyumbani. Nilikunja ukingo kwa namna ya sambusa, bibi akazitenga zangu kwenye sinia lake, akazipika peke yake, akazila yeye. Maji yakichemka hutiwa kikombe cha maji baridi, yachemke tena, mara tatu, ndipo zinaepuliwa. Baada ya kula kila mtu alipewa bakuli la maji yale yale yaliyochemshia, meupe kwa unga, anywe.

Bibi aliuliza kwetu msafiri hupewa nini. Nikamwambia hufungiwa cha njiani: mikate ya kumimina, kuku wa kukaanga, mayai ya kuchemsha. Akasimama, akaingia jikoni. Tulipokuwa tunavaa viatu mlangoni akarudi na mfuko wa mayai kumi, bado ya moto, na chumvi kwenye karatasi. Babu alitaka kuubeba yeye hadi kwenye teksi, mdogo wangu akakataa kwa heshima, wakavutana ngazi zote tatu, na babu akashinda.

Uwanja wa ndege walituruhusu kupita nayo. Yaliisha kabla hatujapanda.